Kiti cha Nane, Safu ya Thelathini na Moja

Ijumaa asubuhi Marlys Kovarik alizunguka mji mzima wa Vesely akigawa tiketi ya bure, na hakupata hata mtu mmoja wa kuichukua.

Si kwamba watu waliidharau. Wapi! Shida ni kwamba kila aliyemfuata alikuwa nayo yake.

"Mimi mwenyewe ninazo mbili, mama," alisema Cleo, yule anayeuza kahawa kwenye ghala la ushirika. "Wiki nzima natafuta wa kumpa."

"Kwani wewe huendi?"

"Na mvua ya barafu hii? Timu imefungwa mechi tisa! Uwanja utajaa tu bila mimi. Si wote wameshanunua?"

Daktari wa ng'ombe alikuwa na nne, zote kwenye simu, zote zimelala. Mchungaji alikuwa na moja, na alisema atasikiliza redioni huku akiandaa mahubiri. Kinyozi alicheka kabla Marlys hajamaliza sentensi. Na wote, utadhani walikaa kikao, wimbo ulikuwa mmoja: uwanja utajaa tu.

Marlys aliingia kwenye gari lake, akashika usukani, asiondoke. Sasa hebu fikiria na wewe. Kama kila mtu ana tiketi, na kila mtu haendi kwa sababu kila mtu mwingine anakwenda, kesho pale uwanjani atakaa nani?

Maana kesho haikuwa siku ya mzaha. Makorongo, timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Brandeck, walikuwa wameuza tiketi zao zote, mpaka ya mwisho, kwa mechi mia tatu na kumi na moja mfululizo. Tangu mwaka 1973! Jimbo lile la Nebraska, Marekani, ni mahindi mpaka macho yachoke, kisha ghafla unaukuta uwanja mkubwa kuliko mji wenyewe, na watoto wanaijua ile namba kabla hawajajua saba mara nane. Kesho ni ya mia tatu na kumi na mbili. Watu wanarithishana viti kwa wosia, pamoja na shamba na bunduki.

Baba yake Marlys, mzee Ed, alinunua viti viwili mwaka ule ule wa kwanza. Safu ya thelathini na moja, cha saba na cha nane. Alikaa kwenye kile cha nane kwa miaka karibu hamsini, akakosa mechi moja tu. Alipofariki, Marlys hakukiacha. Aliendelea kukilipia, na kila mechi aliweka pale juu kofia ya mzee, ile ya kijani iliyopauka, na kofia ikatazama mpira. Misimu miwili kofia imetazama mpira, na kwa jinsi timu ilivyokuwa inacheza, bora kofia, haina macho.

Halafu ikaja barua. Chuo kimepata wakubwa wapya, wanapenda kompyuta: tiketi isiyopitishwa getini misimu miwili mizima itachukuliwa, kiti wapewe makampuni. Kofia haina simu. Haipiti getini. Na mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa kesho, saa tano asubuhi.

Vesely nzima alibaki mtu mmoja tu asiye na tiketi. Marlys alijua tangu mwanzo ni nani, ndiyo maana alimweka mwisho.

* * *

Lyle, mdogo wake, alikuwa chini ya mashine ya kuvunia mahindi, miguu tu inaonekana.

"Sitaki," ile miguu ilisema.

"Hata sijaongea!"

"Simu zimenifikia kabla yako, dada. Mji mzima unaikimbia hiyo tiketi." Akajivuta nje, uso mweusi kwa grisi. "Hebu nikuambie. Ile rekodi yenu ni ya uongo. Kila Alhamisi kampuni ya mbegu inanunua zilizobaki zote, inazitia kabatini. Nani hajui?"

"Si zimenunuliwa?"

"Zimenunuliwa na kabati! Kabati linashangilia? Na wewe unalipia kofia. Afadhali kabati, lina milango."

Marlys alitaka kumtupia spana. Lakini alijua hasira ile inatoka wapi, na haikutoka kabatini. Lyle alioa Oktoba mwaka 1998. Oktoba! Mtu mwenye akili timamu, Nebraska, anaoa Oktoba, Jumamosi ya mechi? Mzee Ed alikuja kanisani, alivaa suti, alikaa mbele. Ila Lyle alipogeuka katikati ya kiapo kumtazama baba yake, aliona waya mwembamba unapanda kutoka mfukoni, unaingia sikioni. Redio. Tangu siku ile Lyle hakukanyaga uwanjani, miaka ishirini na saba.

"Ni kiti cha baba, Lyle. Kesho wanakichukua."

Lyle alifuta mikono polepole. "Sawa, nitakuja. Ila nitahesabu vichwa, sehemu yetu nzima. Viti mia tatu. Wakiwa chini ya nusu, mwakani hukilipii tena. Kinaachwa, yanaisha."

"Na wakizidi?"

"Nitakaa humo mpaka nife, na kofia navaa."

Marlys alitazama nje ya mlango. Mawingu yalikuwa na rangi ya risasi. Akikataa, kiti kinaondoka kesho. Akikubali, kesho kinapona getini halafu kinakufa kwa hesabu. Alimpa mkono, grisi na yote.

* * *

Upepo wa Dakota, majimbo ya kaskazini, hauna adabu. Jumamosi ulikuja na punje za barafu zinazopiga kwa ubavu, ukikwepa huku zinakufuata huku.

Getini binti wa chuo, pua nyekundu kama pilipili, aliweka mashine juu ya simu ya Lyle. Tii!

"Karibu, bwana Ed Kovarik," alisoma kwenye kioo.

Lyle alirudisha simu mfukoni. Marlys alipumua. Kiti kimepona barua. Bado hesabu.

Walipanda ngazi. Aisee, palikuwa peupe! Viti vya bati vinang'aa kwa barafu, huku na huku mtu mmoja amejifunika blanketi kama gunia lililosahauliwa. Safu ya thelathini na moja ina viti ishirini. Walikuwa watu wanne: wao wawili, Bi Ardis kule mwisho kwenye cha ishirini, na mzee Vernon Stuhr kwenye cha tisa, jirani wa mzee Ed tangu siku ya kwanza, miaka sabini na tisa na magoti mawili ya chuma.

"Huyu nani?" Vernon aliuliza. "Kofia imeota miguu?"

"Ni Lyle, mzee Vern."

"Lyle wa Oktoba!" Vernon alicheka mpaka akakohoa. "Kaa, mwanangu. Ukigandishwa tutakung'oa na nyundo."

Marlys alimimina maharage ya pilipili kutoka kwenye chupa ya kutunza joto, akatoa maandazi ya mdalasini ya kuchovya, kama mama yao alivyofanya. Lyle alikula bila kusema asante, simu mkononi, anahesabu vichwa, anarudia. Chini kule Makorongo walikuwa wanachinjwa. Kila walipokamata mpira, ulidondoka kama sabuni.

"Sabini na moja," alisema Lyle ilipofika mapumziko, matokeo ishirini na saba kwa bila. "Na nimemhesabu muuza kakao. Sabini na moja kati ya mia tatu, dada."

Marlys aliibana ile kofia ndani ya koti lake.

Robo ya tatu ilipotaka kuanza, spika zilikoroma. "Mabibi na mabwana! Kwa mara ya mia tatu na kumi na mbili mfululizo, tiketi zote zimekwisha!"

Lyle alicheka, kahawa aliyokuwa anakunywa ikamtokea puani. Alipoinua uso aliona ni yeye peke yake anayecheka. Wale wengine walikuwa wanasimama, mmoja mmoja, wakikung'uta barafu mapajani.

Walikuwa wanaanza kuita viti. Lyle alikumbuka hilo jambo tangu utotoni, na alilikumbuka kama kitu cha kuchosha: mkubwa wa safu anaita viti kuanzia mwisho, na watu wanaitika nipo, nipo, nipo, kama mvua ya mawe juu ya bati. Enzi zile kila kiti kilikuwa na mtu. Hakuwahi kusikia kinavyoitwa kiti kitupu.

"Cha ishirini!" Vernon alipaza sauti.

"Nipo!" Bi Ardis alijibu.

"Cha kumi na tisa!"

"Hruby!" Bi Ardis tena. "Yuko shambani, mahindi yake bado yamesimama! Redio anayo ndani ya mashine!"

"Cha kumi na nane!"

"Mkewe! Anampelekea chakula huko huko!"

"Cha kumi na saba!"

"Cleo wa ghala!" Marlys alidakia. "Amesema uwanja utajaa bila yeye!"

Watu wa safu ya juu na ya chini waliangua kicheko. "Na cha kumi na sita?"

"Cleo tena! Alitaka kunipa bure!"

"Cha kumi na tano!"

Kimya. Vernon alisubiri. Upepo tu. "Cha kumi na nne!" Kimya tena. Yule mzee alitikisa kichwa, kama mtu aliyekuta meza imewekwa sahani na hakuna chakula. Lyle alimtupia dada yake jicho: kabati. Marlys aliangalia chini, maana ni kweli.

Lakini Vernon aliendelea. Cha kumi na tatu na cha kumi na mbili, mapacha wa Sedlak, wako jeshini, mama yao analipia mpaka warudi. Cha kumi na moja, mwalimu Tvrdy, amelazwa, nyonga, anataka apelekewe matokeo ila wasimwambie yote. Cha kumi, mkewe, yuko naye. Hakuna aliyesoma popote. Bi Ardis anajua huyu, Marlys anajua yule, mtu wa safu ya juu anainama na kuongezea, "Nyonga ya kushoto!" Na kote sehemu ile, safu kwa safu, zilisikika sauti chache zikiwaitikia watu wengi. Lyle alikuwa ameacha kushika simu vizuri, imeinamia magoti.

"Cha tisa, nipo, na goti linauma! Cha nane!"

Marlys alifungua mdomo. Miaka miwili yeye ndiye aliyeitikia. Lakini safari hii kiti kilikuwa na mtu, na mwenye kiti ndiye wa kujibu. Akafunga mdomo.

Lyle alitazama viatu vyake.

"Cha nane!" Vernon alimgeukia. "Wewe, mwanangu. Kiti hiki hakijawahi kukosa jibu. Hata ile Oktoba yako."

"Oktoba yangu imefanya nini?"

"Hukuambiwa? Ed alinipigia simu Ijumaa yake, mara mbili. 'Vern, kesho usiseme nimekosa. Sema namwoza mwanangu. Sema kwa nguvu, redio isikie, maana nitakuwa nasikiliza.' Nikasema! Mapafu yalikuwepo enzi hizo. Watu wote hapa walisimama wakakupigia makofi, wewe na bibi harusi. Mtangazaji akauliza hewani, kule kuna nini, mbona hatujafunga? Na kweli hatukufunga, tulipigwa vibaya sana siku ile. Unadhani alikuwa anasikiliza mpira?"

Lyle alikaa, akasimama tena. Barafu ilimpiga usoni na hakuifuta. Mtu angeweza kusema macho yalilowa kwa barafu, na pale hakuna ambaye angebisha.

"Marlys," alisema taratibu. "Wewe ulijua?"

"Nilikuwa kanisani na wewe, nimejulia wapi?"

"Cha nane!" Vernon alinguruma. "Safu nzima inanyeshewa, bwana!"

Lyle alisafisha koo. "Ed Kovarik!" Sauti ilitoka mbovu, akairudia kwa nguvu zaidi. "Ed Kovarik! Yuko makaburini Vesely, upande wa kaskazini! Mwanawe amekuja badala yake!"

Walipiga makofi. Watu sabini na moja wenye glavu, makofi yasiyo na mlio, kama farasi wanaotembea juu ya nyasi.

"Cha saba!"

"Nipo," alisema Marlys, na vile sita vilivyobaki navyo vyote vikapata wa kuviitikia.

Matokeo yalikuwa arobaini na moja kwa tatu. Zile alama tatu zilipopatikana, kwenye dakika ya mwisho kabisa, walishangilia utadhani wamechukua ubingwa wa dunia. Na ndani ya ile sehemu hakuondoka hata mmoja. Lyle alihesabu tena mwishoni, mwenyewe, bila kuambiwa: sabini na moja.

"Chini ya nusu," alisema.

"Najua." Marlys alitoa kofia ndani ya koti, akaikunja, akaikunjua. "Ahadi ni ahadi. Mwakani sikilipii."

"Hukilipii, ndiyo." Akampokonya. "Nitakilipia mimi."

Aliivaa. Ilimbana, ikakaa juu juu kama kifuniko cha sufuria ndogo. "Inanuka dizeli."

"Ndiye mwenyewe huyo."

"Na rekodi bado ni ya uongo, dada. Vile viti viwili vilivyonyamaza nimevisikia."

"Viwili," Marlys alisema. "Kati ya ishirini."

Lyle alimshika Vernon mkono kumsaidia kushuka, ngazi moja, goti moja, ngazi nyingine. Katikati akasimama. "Mzee Vern, mwakani tunaanza lini?"

"Mwisho wa Agosti. Mpaka Novemba kama hii. Kwa nini?"

"Binti yangu amechumbiwa. Nitamwambia aweke harusi Januari."

"Januari!" Vernon alishangaa. "Na theluji yote ile? Nani anafunga ndoa Januari, Nebraska?"

"Binti wa mtu mwenye tiketi," alisema Lyle, akaishikilia kofia kwa mkono mmoja, upepo usije ukaondoka nayo.