S za Dada

Kazini wananiita Masikio, na sijawahi kukataa. Nakaa peke yangu kutwa nzima katika chumba kilichofunikwa sponji kuta zote, nikisafisha mihadhara ya chuo inayosikilizwa kwenye simu. Sauti ikibanwa ili faili iwe ndogo, herufi s ndiyo inayonufaika. Ilikuwa imejificha nyuma ya irabu; sasa inajitokeza na kuchoma sikio kama mafuta yanayoruka kikaangoni. Mimi naipunguza kwa kichujio cha kompyuta. Nikizidisha kidogo tu, profesa mzima anaongea kama aliyetoka kung'olewa jino, na hapo malalamiko hayaishi.

Nyumbani sina wa kuzungumza naye. Nina dada mmoja tu, anayeishi mwendo wa siku nzima kutoka hapa, mtu wa mwisho duniani anayekumbuka jinsi nilivyokuwa nikiogopa giza. Kila asubuhi hunitumia ujumbe wa sauti. Akiniondokea yeye, sina mtu. Hilo nalijua, na siku za Jumapili nalijua vizuri zaidi.

Lakini simu yake kuukuu inabana sauti vibaya mno, na s zake zilikuwa zinanikera. Badala ya kumpigia kama wafanyavyo watu wengine, nikajifanya fundi hata kwa ndugu yangu. Niliipanga kompyuta ya kazini ili kila ujumbe wake upite kwenye kichujio kwanza, ndipo unifikie. Nilijiona mjanja. Nikamsikiliza hivyo mwaka mzima wakati wa chai, na kumjibu kwa maneno mawili matatu ya kuandika.

Wiki tatu zilizopita s zake zililainika kupita kiasi. Hata "salama" yake ya kila siku ilitoka imelegea. Nikakilaumu kichujio, nikakipunguza nguvu. Kesho yake hali ileile, nikakipunguza tena huku nikikitukana. Yeye alikuwa akinisimulia paka wa jirani aliyezaa kabatini, mimi macho yangu yako kwenye mistari ya skrini.

Leo saa nne asubuhi hasira zilinipanda, nikakizima kabisa. Nikausikiliza ujumbe wake ukiwa mbichi, kama ulivyotoka kinywani. S zilikuwa bado laini. Nikaziendea faili zake mbichi za siku zilizopita, zisizopita kwenye kichujio, ambazo sikuwahi kuzisikiliza hata siku moja, nikazifungua moja moja kurudi nyuma, mpaka nikafika Jumatatu ambayo s zilikuwa kali kama zamani. Jumanne yake zilikuwa zimekwisha. Mashine haikuwa na kosa lolote.

Nikampigia. Alipokea papo hapo, akanieleza taratibu, maneno yakimponyoka upande mmoja wa mdomo. Jumanne ile aliamka uso umevutwa, mkono wa kulia hauwezi kushika kikombe. Jirani alimkimbiza hospitali, akalazwa siku nne. Habari ya paka aliituma akiwa kitandani wodini. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Si wewe ndiye Masikio?" alisema. "Nilijua umesikia tangu siku ya kwanza. Nikadhani umeamua kunyamaza."

Niliona aibu. Ningeweza kusingizia simu yake, na angeniamini.

"Nilisikia, dada," nikasema. "Nilidhani ni mashine yangu."

Nilisikia anavuta pumzi, anaimeza, anavuta nyingine.

"Basi njoo unisikilize huku."

Kwenye skrini profesa alikuwa amebakiza dakika arobaini. Nikachukua koti langu, nikamwacha na s zake zote.