Onze ya Amissi

Waheshimiwa wakazi wa Brussels, mabalozi, wafanyakazi wa ofisi zote za Schuman na abiria wa metro namba tano: Baraza Kuu la Wapokeaji limeketi na kuazimia kwa kauli moja kwamba halitanyanyuka mpaka haki itendeke.

Baraza lenyewe lilikuwa watu watatu waliokaa kwenye majani yaliyolowa, na mjumbe mmoja, Mwadi, alikuwa anakula chipsi. Kocha alitupita mara mbili akidhani tunanyoosha misuli.

Timu ya chuo chetu hucheza mpira wa Kimarekani, ule uliochongoka, ila wa aina isiyoangushana: kila mchezaji ananing'iniza vitambaa viwili kiunoni, na kikinyofolewa kimoja, ameshakamatwa. Wavulana na wasichana tunacheza pamoja. Hervé hurusha. Mimi Nusura, Mwadi na Amissi ndio wapokeaji. Kazi yetu ni kukimbia, kuwapoteza wapinzani na kudaka. Amissi, aliyezaliwa Bujumbura na kukulia hapa Anderlecht, ana mbio kuliko sote. Lakini kwa mwezi mzima alikuwa hadaki.

Hapo nina hatia ndogo. Alipoangusha mpira wa kwanza, nilitia kipande cha sabuni ndani ya kiatu chake, nimekifunga utepe kama zawadi. Alicheka kuliko wote. Jumamosi iliyofuata hata wapinzani walimwita Savon, yaani sabuni kwa Kifaransa, na akaangusha mipira minne.

Ndipo kocha Rolande akatangaza kwamba mechi inayokuja Amissi hachezi, na huenda jezi akairudisha kabisa. Ndipo Baraza likaketi.

"Munafanya nini apa chini?" Rolande aliuliza alipotupita mara ya tatu.

"Tumegoma, maman," nikasema. "Akikaa Amissi, tunakaa wote."

"Na Hervé atarushia nani?"

"Atajirushia."

"Niko sérieuse, Nusura."

"Na sisi pia," Mwadi akasema, akamnyooshea pakiti. "Chukua chipsi, maman."

Amissi alikuwa anatazama viatu vyake. Hakuwa ametuomba lolote. "Muache tu," alisema polepole. "Nitabeba chupa za maji."

"Wewe nyamaza," Mwadi akamwambia. "Hii haikuhusu."

Rolande alitutazama, akatazama mvua, akachukua chipsi moja. "Bon. Atacheza."

Tulishangilia mapema mno. Baada ya mazoezi aliniita pembeni. Mipango yetu ya mchezo ina namba: Rolande huichora kwa kalamu kwenye karatasi yake, mimi naichapa kwenye kadi ndogo, na kila mchezaji anaivaa kadi yake mkononi. Kocha akipaza namba kwa Kifaransa, tunaangalia mkononi na kujua nani akimbie wapi na mpira uende kwa nani.

"Sikiya, mutoto," Rolande alisema akinipa karatasi. "Ile onze, mupira ni kwako. Amissi akimbiye tu, bale babeki bamufuate. Na namba zingine ni vile vile. Mupira kwake hapana. Usimuambie."

Yaani mgomo wetu mtukufu ulikuwa umempatia Amissi ruhusa ya kukimbia bure.

Nilisoma shule ya bweni Moshi miaka sita, na huko nilikuwa na kipaji kilichoheshimiwa na bweni zima: kuandika ruksa za matroni. Matroni mwenyewe aliwahi kushika moja akasema hakumbuki kuitia saini, ila saini ni yake. Kwa hiyo Ijumaa mchana, katika maktaba ya chuo, mbele ya mashine ya kuchapa, nilisimama wima kama anayeimba wimbo wa taifa, nikahamisha mshale mmoja. Onze, yaani namba kumi na moja, ikawa ya Amissi.

Alipopewa kadi aliisoma mara mbili. "Maman ameniweka kwa onze?"

"Yeye mwenyewe," nikasema bila kupepesa. "Anasema anakuamini."

Aliifunga kadi mkononi taratibu, na nikaona mabega yake yamerudi mahali pake.

Jumamosi tulicheza kwenye kiwanja kilicho nyuma ya maghala. Kipindi cha kwanza Rolande alipaza, "Onze!" Nilikimbia upande wangu kwa adabu, nikijua hakuna kitu kinachokuja. Hervé akamrushia Amissi. Mpira ukamgonga viganja vyote viwili ukaanguka.

"Savon, Savon," wageni wakaimba.

"Hervé, uko narusha wapi?" Rolande akafoka.

Hervé akadhani analaumiwa kwa kurusha juu mno, akaomba radhi. Nikamshukuru Mungu kwa unyenyekevu wa Hervé.

Zilipobaki sekunde sita, tulikuwa nyuma kumi na nane kwa kumi na tatu. Zilitosha kurusha mara moja tu. Rolande akapanua mikono pembeni mwa uwanja.

"Onze! Na mufanye vile niliandika."

Tukakusanyana. Amissi aliangalia kadi yake, akaangalia kwa kocha, akaangalia kadi tena.

"Nimeangusha," alisema, "na ameniita tena."

"Donc sasa utashika," Mwadi akamwambia.

Mimi sikusema kitu, na wanaonijua wangeshtuka.

Tulipopanga mstari, beki mmoja wa wageni akamuuliza Amissi kama amenawa leo.

"Kaa karibu," Amissi akamjibu. "Utaona."

Hervé akapewa mpira. Mimi na Mwadi tukakatiza katikati tukipiga kelele za kuomba mpira kama watu wanaoibiwa, na mabeki wawili wakatufuata. Amissi alibaki na yule mmoja tu. Mpira ukaja juu, umelowa, unayumba. Aliruka, akaudaka kwa mikono miwili, akaukumbatia kifuani, na kitambaa chake kiliponyofolewa alikuwa ameshavuka mstari wa mwisho. Akamgeukia yule beki, akamwonyesha viganja vyake, kimoja kimoja.

Pointi sita, tumeshinda. Tulimrukia wote. Alijitoa kwenye rundo akaenda moja kwa moja kwa Rolande.

"Aksanti, maman. Umenitumainia mara mbili."

Rolande alimtazama bila kuelewa. Akamshika mkono, akasoma kadi. Akatoa karatasi yake mfukoni, akaifungua, akasoma na hiyo. Kisha akanitazama mimi.

"Mashine ya maktaba," nikaanza, "kwa siku za karibuni imekuwa na matatizo ya kiufundi ambayo..."

"Nusura."

"Ni mimi," nikasema. "Mshale niliuhamisha mimi. Hakukuita, Amissi. Hata mara moja. Alitaka ukimbie tu. Na maman, ukinipa karatasi nyingine kama ile, nitaibadilisha tena."

Rolande akaikunja karatasi yake. Amissi alikuwa bado ameshika mpira.

"Kwa hiyo ni wewe uliniamini," alisema.

Hapo nilikuwa na jibu tayari, zuri, la kishujaa, na angelikubali. Lakini alikuwa ananitazama machoni, na maji ya mvua yanamtiririka puani.

"Hapana," nikasema. "Alipoita onze mara ya pili, niliomba moyoni aite namba yoyote nyingine."