Masanduku Yaliyonukia Mkate

"Masanduku ya kura," alisema Jaji, huku akifuta miwani kwa ncha ya tai yake, "yalifika kituo cha kujumlishia yakinukia mkate."

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi masikio yaliniwaka. Gari la mikate lililoyabeba nililijua. Nilijua mlango wake wa nyuma ambao haukukubali kufungika mpaka uupige teke, nilijua jinsi mjomba alivyozipanga kreti zake, na nilimjua mgombea ambaye Jaji alimficha jina na kumwita "mlalamikiwa". Mlalamikiwa huyo ndiye aliyenizaa.

Tulikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili ya siasa na sheria, kozi iliyofundishwa na watu wawili ndani ya chumba kimoja. Jaji, ambaye alikuwa amestaafu lakini bado akivaa kama anayesubiriwa mahakamani, alikaa upande wa dirisha. Daktari, mama aliyetufundisha siasa, mfupi, mwenye sauti ya kumfikia aliye nje, alikaa karibu na mlango. Nasi tulijigawa bila kuambiwa. Waliotoka sheria walijazana dirishani na kutuita watu wa porojo; sisi wa mlangoni tuliwaita watu wa vifungu. Jaji akitaja kifungu, Daktari alidakia, "Na aliyekitunga alikuwa anamwogopa nani?" Daktari akieleza nani alikuwa na nguvu na nani hakuwa nazo, Jaji aliinua kidole polepole: "Imeandikwa wapi?" Wakibishana hivyo tulisahau hata kufungua madaftari. Sijapata kuwaona watu wazima wakipingana kwa raha namna ile, na niliwapenda wote wawili, ingawa mmoja wao nilikuwa nimemfuata pale kwa shari.

Jaji ndiye aliyemvua mama yangu ubunge.

Nilikuwa bado msichana wa shule ya msingi. Siku ya uchaguzi mvua ilinyesha kama imetumwa, na lori lililobeba masanduku ya kura likazama kwenye tope nje kidogo ya mji. Msimamizi alikuwa akihaha barabarani, viatu mkononi, mjomba alipotokea na gari lake la mikate akitoka kusambaza. Hakufikiri mara mbili. Alishusha kreti tupu, akapakia masanduku, akampakia na askari aliyekuwa akiyalinda, akaondoa gari. Mama alishinda, tena kwa kishindo. Aliyeshindwa akaenda mahakamani, kwa sababu sheria ilikataza masanduku kubebwa na ndugu wa mgombea, na mjomba ni kaka yake mama, tumbo moja. Matokeo yakatenguliwa. Uchaguzi uliporudiwa mama akaangushwa, akarudi kuendesha duka lake la vitabu kana kwamba bunge lilikuwa safari ya wiki moja.

Ubunge tuliuzika tukausahau. Jeraha lilikuwa mjomba. Yule mtu aliyekuwa akiingia kwetu bila kubisha hodi, akinibeba mabegani na kumtania mama mpaka machozi yamtoke, aliacha kuja. Mama hakumlaumu hata siku moja. Lakini hakuwahi pia kumwambia kwamba hamlaumu, na kwa mtu kama mjomba kimya hicho kilikuwa hukumu ya pili. Kila mmoja akamsubiri mwenzake aanze. Wakawa watu wa kusalimiana misibani.

Kwa hiyo nilisoma siasa, na niliposikia kwamba Jaji anafundisha, nikaomba nafasi. Nilitaka siku moja nimbane mbele za watu, akiri kwamba alikosea, kisha nilipeleke nyumbani lile neno lake limrudishe mjomba mlangoni kwetu.

Kozi yetu ilikuwa na utaratibu uliowatoa wengi jasho. Mwisho wa muhula tulipewa shauri moja, kila mtu akatamka wazi angeamuaje, kisha akaandika hukumu ya upande asiouamini. Walimu nao hawakusamehewa. Muhula ule shauri lilikuwa hili la masanduku. Kabla ya kuanza, Jaji aliuliza kama walivyozoea kuulizana majaji: "Kuna mwenye maslahi katika shauri hili? Aseme sasa, ajitoe."

Sikusema. Nilitazama kalamu yangu kama kitu kigeni. Zamu yangu ilipofika, nilijibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwamba matokeo yale hayakupaswa kuguswa.

"Basi wewe," alisema Jaji, "utaandika hukumu ya kuyatengua."

"Pole, mwenzangu," Daktari alininong'oneza nilipompita mlangoni. "Hapo ndipo utakapomaliza kusoma siasa."

Nilidhamiria kuandika hovyo. Nilitaka hukumu nyepesi kiasi kwamba yeyote angeisoma aone upuuzi wa ile ya kwanza. Nikazama maktaba na maelezo ya mashahidi, nikitafuta jaji mwenye chuki, na kila ukurasa ukanionyesha mtu mwangalifu. Hakuna aliyesema mama ameiba. Hakuna aliyesema mjomba amegusa kura. Swali lilikuwa moja tu: kutoka kwenye tope mpaka kituoni, nani aliyaona masanduku? Askari alieleza kwa kiapo kwamba, kwa ajili ya mvua, alikaa mbele na dereva. Nyuma hapakuwa na mtu.

Hapo nikaukumbuka mlango. Mashahidi wote walipita kizimbani na hakuna aliyeulizwa habari zake, lakini mimi nilijua kwamba gari likiruka shimo kidogo tu ulifunguka wenyewe na kupigapiga njia nzima. Hilo halikuwa kwenye ushahidi, na jaji haamui kwa ya nyumbani kwao, basi sikuliandika. Lakini mlango ule ulikuwa umekwisha kunishinda. Nililia pale pale, nikajifuta kwa mkono wa sweta, nikaanza upya, safari hii kwa moyo wote. Niliandika kwamba mshindi hana shida ya kuamini hesabu. Anayepaswa kuiamini ni aliyeshindwa, na mahakama ipo kwa ajili yake. Sijui sentensi ile niliitoa wapi. Nadhani ilitoka dirishani.

Siku ya kusoma, nilisoma yangu mpaka mwisho. Daktari alikohoa, akasema, "Watu wa vifungu, mmepata mwenzenu," wakacheka kwa adabu.

Kisha Jaji akasimama. Yeye alikuwa ametamka kwamba angetengua, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kumwachia mlalamikiwa kiti chake. Alisoma bila haraka, akipanga hoja juu ya hoja, mpaka nikaanza kuamini tena nilichokuwa nimeacha kuamini. Halafu akafika kwa dereva.

"Dereva wa gari la mikate," alisoma, "hakumsaidia dada yake. Aliwasaidia wapigakura ambao sauti zao zingelala topeni, wakiwemo waliompinga dada yake. Mahakama hii haioni sababu ya kumtilia shaka, na inaona kila sababu ya kumshukuru."

Alikunywa maji, akaketi.

Baadaye Jaji alinikuta kwenye ujia, nikijifanya nasoma matangazo ukutani.

"Mama hajambo?"

"Hajambo, Mheshimiwa. Kumbe ulijua?"

"Una paji lake la uso. Na ubishi."

"Mbona hukusema?"

"Nilisubiri ujitoe. Halafu nikakumbuka kwamba na mimi nilipaswa kujitoa." Alicheka kidogo, akaacha. "Shauri lile likirudi leo, nitatengua tena. Nisikudanganye."

"Najua," nikasema. "Hata mimi."

Alinitazama kwa muda, na katika miaka yangu yote ya masomo sijapewa alama iliyonifurahisha kuliko kutazamwa kule. Kisha akanipa karatasi zake. "Katika hukumu yangu ya kweli nilimpa yule dereva mstari mmoja, mkavu. Nilikuwa na haki ya kutengua. Sikuwa na haki ya kumwacha vile. Hii haina nguvu yoyote ya kisheria, lakini mpelekee mama."

Mama alisoma hukumu yangu kwanza, amesimama nyuma ya meza ya duka, mkono mmoja kiunoni.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi."

"Umenitoa bungeni."

"Ndiyo, mama."

"Tena kwa lugha nzuri kuliko yule bwana." Aliigeuza karatasi kuona kama kuna zaidi. "Hawakuuliza habari za mlango, eh?"

"Hawakuuliza."

"Nilimwambia autengeneze."

Akachukua ya Jaji. Nilijua alipofika kwa dereva kwa sababu mkono ulishuka kutoka kiunoni. Alirudia mistari ile midomo ikicheza bila sauti. Mteja aliingia, akaona nyuso zetu, akasema atarudi baadaye.

"Namba ya mjomba wako unayo?"

Nilimpigia mjomba, nikampa mama simu. Iliita kwa muda mrefu. Alipopokea na kutambua sauti ya dada yake, hakusalimu. Hata mimi niliyekuwa ng'ambo ya meza nilimsikia akiuliza kwa hofu:

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu," mama alisema, akitafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa. "Keti chini, kaka yangu. Kuna kitu nataka nikusomee."