Ushuhuda wa Hiram

…eti sasa ni vipaji, juzi lilikuwa pepo na leo ni vipaji, Hiram akawaza, shingo imebanwa na kitambaa cha kinyozi, mashine ikimpita nyuma ya sikio, na redio iliyo juu ya kioo ikipiga wimbo ambao gitaa lake alilitunga yeye mwenyewe, kwa vidole hivihivi vilivyofichwa chini ya kitambaa, ndani ya stoo ya viazi ya babake kule Molo, miaka kumi na miwili iliyopita, baridi ya kukata masikio, magunia yamepangwa ukutani ili majirani wasisikie kelele, na walisikia tu… “Hii ngoma ni moto, boss,” Lewis kinyozi akasema akitikisa kichwa, na Hiram akamtazama kwenye kioo kwa chuki, tikisa, tikisa tu, ulikuwa wapi wewe, mwaka juzi ukisikia gitaa la namna hii ulikuwa unazima redio na kukemea, leo umevaa fulana nyeusi yenye fuvu, na hata fuvu lenyewe linachekacheka… kila mtu Nakuru hii anavaa fuvu siku hizi, wanafunzi wa Njoro, makarani wa benki, hata yule mama wa mitumba, na tamasha la Jumamosi, eti la vipaji, litafanyiwa wapi kama si kwenye uwanja wa kanisa, kanisa lake Hiram, anakohudumu kama shemasi, na atakayelifungua kwa maombi ni askofu yuleyule aliyemwekea mkono utosini akamwambia toka, pepo wa roki, toka, na Hiram akatokwa na machozi mbele ya watu elfu mbili… wanafiki, wote wanafiki, na yule wa redioni ndiye mkubwa wao. “Tuko na Jepkorir hapa studio,” mtangazaji akasema, “mathe wa metal Nakuru nzima!” Mathe, eti mama wa roki, mama wa nani, Jepkorir huyu aliyekuja stooni hajui hata kuvuta pumzi, akiimba kama ng’ombe aliyefungiwa nje usiku, ni Hiram aliyemfundisha kunguruma kutoka tumboni, ni Hiram aliyemtafuta Obura wa kupiga ngoma, na leo bendi ya watatu imekuwa ya wawili na hakuna anayeuliza wa tatu yuko wapi… usiulize, ee Mungu, mtu asiulize, maana dukani mkewe Waithera hafungui stesheni nyingine ila hii, na Waithera alikubali kuolewa kwa sababu ya ushuhuda ule, alikuwa ameketi safu ya tatu akilia, mpaka leo huwasimulia wageni mume wangu alitolewa mbali…

“Lakini kuna story mlikuwa mnakunywa damu,” mtangazaji akasema huku akicheka, na Hiram akashika mkono wa kiti. “Ilikuwa bitiruti,” Jepkorir akajibu, “tulichemsha bitiruti tukajipaka maji yake mekundu kwa uso, tukapiga picha. Mmoja wetu akaenda kanisa akasema ni damu ya mbuzi.” Anataja, sasa anataja, jina liko kwenye ulimi… “Youth wa kanisa wakapanda Molo wakachoma drums za Obura, wakachoma kila kitu. Landlord wangu akatupa godoro yangu nje, na mvua ilikuwa inanyesha.” Mashine ikanyamaza. “Ai, huyo jamaa ni nyoka kabisa,” Lewis akasema, “kuwauza wasee, marafiki wake wa damu!” na akapuliza nywele kwenye meno ya mashine… nyamaza, unyoe, kazi yako ni kunyoa… na kwani yeye ndiye aliyewasha kiberiti, hakuwasha, alisema tu, watu walitaka kitu cha kuogopa naye akawapa, mtu hawezi kwenda madhabahuni akasema eti niliokolewa kutoka kwa bitiruti. “Na uko na beef na yeye bado, ugomvi haujaisha?” mtangazaji akauliza. Jepkorir akasema, “Wacha nikwambie. Tulikuwa na sheria moja tu. Watu wakisukumana pale mbele na mmoja aanguke, ngoma inasimama mpaka ainuliwe. Huyo alianguka na hatukumwinua. Sitamtaja. Na kama ananisikia, nafasi yake Jumamosi kwa stage yetu iko.” Basi, hakutaja, Waithera hakusikia jina, labda hatajua ni mumewe, Hiram angeshusha pumzi na kumshukuru Mungu, lakini kilichompanda kifuani kilikuwa hasira, afadhali angenitukana, afadhali angenitaja kwa jina la baba na la ukoo, ananihurumia, mtoto niliyemfundisha kupumua ananihurumia mbele ya Nakuru nzima, na nani amemwambia nilianguka… nani amekwambia nilianguka, Jepkorir, sikuanguka mimi… na wazo hilo likamkwama hapo, maana lilikuwa kweli. Hakuanguka. Alitembea kwa miguu yake mpaka madhabahuni, akiwa amekwisha kuchagua cha kusema, hata pa kunyamaza alikuwa amepachagua, na aliposhika maikrofoni na kutamka damu watu elfu mbili walipiga yowe kwa pamoja, yeye ambaye kule Molo hakuwahi kupigia watu zaidi ya thelathini, na mgongo wake ulisisimka, akasema damu tena, kwa ile sauti ya kutoka tumboni, ili apate yowe la pili. Alilipata, na alifurahi, Mungu wangu, alifurahi kuliko siku yoyote ya maisha yake.

“Si hiyo ya Jumamosi ni kwa kanisa yenu, boss?” Lewis akauliza. “Huyo mtu unamjua?”

“Simjui,” Hiram akasema.

“Inamisha kichwa kidogo basi, nimalizie huku nyuma.” Akainamisha.