Miezi Iliyobaki Kabla ya Chuo

Fundi makochi hakuwa mtu wa haraka. Kochi la mteja liliweza kukaa kwenye karakana yake mpaka mwenyewe akasahau rangi yake, na mtu akija kulalamika, fundi alimkalisha juu ya kochi lolote lililokuwa karibu, akamuuliza kama amewahi kukaa vizuri namna hiyo tangu azaliwe. Wateja walicheka, wakaenda zao, wakarudi wiki nyingine. Lakini likija suala la chuo kikuu, mtu huyohuyo alikuwa na haraka kama anayefukuzwa na mbwa.

Sababu ilijulikana nyumba nzima. Mwanawe wa kwanza alimaliza shule na alama nzuri, kisha akajivuta, leo kesho, leo kesho, mpaka maombi ya vyuo yakafungwa. Akasema ataomba mwaka unaofuata. Mwaka unaofuata alikuwa ameshapata kazi ya kulinda ghala mji mwingine, akaoa hukohuko, na habari ya chuo ikafa. Baba yake hakuwahi kumlaumu kwa mdomo. Ila kila redio ilipoanza kutangaza mambo ya vyuo, aliinuka akaizima.

Binti ndiye aliyebaki. Mama yao alifariki binti akiwa bado anatambaa, kwa hiyo mtoto akakulia karakanani, kati ya marobota ya vitambaa na vumbi la sponji. Kazi yake ya kwanza maishani ilikuwa kupita chini ya meza na sumaku, akiokota pini zilizoanguka. Baba akamwita Pini, na jina likamganda. Alipomaliza shule alikuwa anajua kufunga springi, kukata sponji kwa kisu kirefu bila kuiacha na meno, na kuvuta kitambaa kwenye kona kikalala bila mkunjo, mahali ambapo mafundi wengi huumbuka.

Chuo kikuu kikubwa kilipofungua maombi ya awamu ya kwanza, fundi aliweka nyundo chini, akafunga mlango wa karakana mchana kweupe, akamkalisha binti yake mbele ya kompyuta ya shangazi. Shangazi huyo, dada yake fundi, aliishi nyumba ya pili na alikuwa na mdomo usiojua likizo.

"Omba uhandisi wa ujenzi," baba alisema. "Leo."

"Baba, nilikuwa nawaza pia kile chuo cha ufundi hapa mjini. Wana kozi ya kubuni samani. Maombi yao yanafunguliwa baadaye kidogo."

"Hiyo baadaye ndiyo iliyommaliza kaka yako."

"Lakini nikichaguliwa awamu ya kwanza nikathibitisha, siruhusiwi tena kuomba kwingine."

"Kwingine unatafuta nini, na huku umeshapata?"

Shangazi alisema ugali haujaiva na watu wameshagombania mboga. Hakuna aliyecheka. Pini alimtazama baba yake, akamwona ameshasogeza kiti mpaka kwenye kompyuta, anasubiri. Akajaza maombi. Hakulazimishwa kwa fimbo. Alimhurumia tu.

Majibu yalikuja wakiwa kazini. Walikuwa wamefungua kochi refu la daktari wa meno, kochi la zamani lenye mbao nzito, na Pini alikuwa ameomba alifanye peke yake kuanzia fremu mpaka kitambaa. Simu yake ikalia. Akaisoma, akampa baba. Fundi alisoma akisogeza midomo, akarudia tena, kisha akaenda nyuma ya pazia walikotundika vitambaa, akakaa huko kwa muda. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

"Thibitisha," alisema.

Pini akathibitisha palepale, akachukua stepla aendelee na kazi. Baba akaiondoa mkononi mwake taratibu.

"Kazi hii basi. Kesho usije huku."

"Nimalizie hili la daktari."

"Nitalimaliza mimi. Wewe jiandae."

"Baba, chuo kinafunguliwa baada ya miezi mingi."

"Ndiyo maana nasema ujiandae. Wenzako watakuwa wametoka shule kubwakubwa. Utakwenda pale na gundi kwenye kucha?"

Pini alidhani ni hasira ya furaha, itapoa. Haikupoa. Baba alimtafutia mwalimu mstaafu wa hisabati mtaa wa pili, mzee aliyefundisha huku analisha kuku wake. Asubuhi alikwenda kwa mwalimu, mchana kwenye darasa la kompyuta, na jioni alipelekwa kwa shangazi kujifunza kupika chakula cha mtu mmoja, maana nyumbani walikuwa wamezoea sufuria kubwa. Sanduku la safari lilinunuliwa mapema mno, likawekwa sebuleni, na kila aliyepita alijigonga nalo.

Usiku wa kufanya kazi pamoja haukuwepo tena, lakini jioni, kabla ya kwenda kwa shangazi, Pini alipeleka chai karakanani. Aliiweka juu ya meza, akabaki mlangoni, akiangalia mikono ya baba inavyovuta uzi.

"Hapo pembeni pamelegea," aliwahi kusema.

"Nimepaona. Zile hesabu umemaliza?"

"Bado kidogo."

"Sasa hapa unafanya nini?"

Akarudi ndani. Baada ya muda akawa anaweka chai na kuondoka bila kusimama, na baadaye chai ikawa inaletwa na shangazi.

"Kaka," shangazi alimwambia siku moja, akipunga mkono kufukuza vumbi, "mtoto kachaguliwa chuo, hajafungwa jela. Mwache akae na wewe."

"Akae na mimi ajifunze nini? Nimemfundisha yote ninayoyajua."

"Sijasema ajifunze. Nimesema akae."

Fundi alisema atafikiria, akawasha cherehani, na mlio wake ukamaliza mazungumzo. Kwa hesabu zake yeye, alikuwa anamkinga mtoto. Aliogopa siku moja Pini ataonja utamu wa kazi ya mikono akaghairi, akabaki pale kama yeye, mgongo umepinda kabla ya wakati. Aliogopa pia, ingawa hili hakumwambia mtu, kwamba yeye mwenyewe angezoea kuwa naye pale kisha ashindwe kumruhusu aende.

Siku ya safari alimsindikiza mpaka kituo cha mabasi. Njia nzima alitoa maelekezo: kufuli liwe la sanduku au la kabati, dawa ya mbu ikae wapi, asimwazime mtu kikokotoo. Pini aliitikia kila kitu. Basi lilipoanza kusogea alifungua dirisha kana kwamba ana la kusema, na baba akawahi kumuuliza kama ametia soksi za kutosha. Akasema ndiyo. Basi likaondoka, na fundi akabaki amesimama kwenye moshi, akijiuliza kwa nini, katika maneno yote ya duniani, ameishia kwenye soksi.

Walizungumza kwa simu kila Jumapili.

"Masomo vipi?"

"Mazuri. Kazi vipi?"

"Ipo."

Baada ya hapo simu ilijaa upepo. Kwenye karakana, bila simu, walikuwa wanaweza kupiga soga kutwa kuhusu wateja na vitambaa vyao vya ajabu, lakini hayo yalihitaji kitu cha kushika mkononi.

Likizo ya kwanza Pini alirudi. Alikuwa amenenepa kidogo, amesuka vizuri, anaongea taratibu. Alikaa sebuleni magoti pamoja kama mtu anayeposwa. Alipotaka maji ya kunywa aliuliza, "Baba, naweza kuchukua glasi?" Fundi alimwangalia akidhani anatania. Hakuwa anatania.

Kesho yake alimwita karakanani. Alikuwa ametenga kiti cha mikono, kizuri, chenye springi za kufungwa upya, kazi ambayo Pini alikuwa anaipenda kuliko zote. Binti alikuja, akashika kamba, akafunga springi ya kwanza vizuri, ya pili ikachomoka. Akacheka kidogo, akaiacha.

"Mikono imesahau," alisema.

"Itakumbuka. Tuna wiki nzima."

"Nina ripoti ya kuandika, baba."

Fundi aliokota ile springi, akaizungusha mkononi. "Pini. Unachukia chuo?"

"Hapana. Nakipenda sasa. Mwanzo nilihangaika, lakini nimezoea."

"Basi ni nini?"

Pini alipangusa vumbi kwenye mkono wa kile kiti. "Mimi sikuwa nakataa kwenda. Nilishathibitisha, nilikuwa nakwenda tu. Ile miezi nilitaka kukaa hapa na wewe, basi. Kila nikija ulikuwa unaniuliza hesabu."

"Nilitaka ufike ukiwa tayari."

"Najua. Na nilifika tayari. Yale aliyonifundisha mwalimu wa kuku, tuliyarudia yote muhula wa kwanza."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baba. Angekuwa amefoka, fundi angejitetea. Alifungua mdomo aombe radhi, lakini maneno yaliyotoka yalikuwa, "Utakula nini mchana?"

"Chochote," Pini alisema, akaenda kuandika ripoti yake.

Siku chache baadaye alitangaza kwamba ataondoka kabla ya likizo kuisha. Kikundi chao kilikuwa na kazi ya kupima eneo la daraja, na wenzake walikuwa wanamsubiri. Fundi alisema vizuri, masomo kwanza. Shangazi alimtazama kwa jicho la upande.

Siku ya mwisho ya Pini nyumbani, fundi hakufungua karakana. Mteja wa mapazia alikuja akabisha, akaambiwa arudi siku nyingine. Fundi aliamka mapema, akaoga, akavaa shati la kutokea, akanunua mkate na mayai, akapanga meza ya watu wawili. Alikuwa ameandaa mambo ya kumwambia. Angeanza na mteja aliyetaka kochi la rangi ya meno yake, kisha wangefika polepole kwenye ile miezi.

Pini alikuwa amelala. Alikuwa amechelewa kulala akimalizia ripoti, na mlango wa chumba chake ulikuwa umerudishwa tu. Fundi alinyanyua mkono abishe, akaushusha. Alivuta kiti akakaa ukumbini karibu na mlango, ambapo alisikia kitanda kikilia kila binti alipogeuka. Mayai yakapoa. Shangazi akapita na ufagio, akamkuta ameketi pale na shati lake la kutokea.

"Humwamshi?" alinong'ona.

"Mwache," fundi alisema. "Amechoka."

Shangazi akaegemeza ufagio ukutani, akavuta kigoda, akaketi naye.