Vitenge vya Shangazi

Madame Victoire alikuja kwangu na vitenge sita vya waksi, vipya, vingali kwenye karatasi yake, akaviweka juu ya meza niliyokuwa nasafishia ndagala. Nikaviondoa haraka visije vikashika harufu ya samaki. Ningejua vilikotoka na vilikokuwa vinakwenda, ningeviacha vinuke.

Kwetu sisi wa bonde la Ruzizi, upande wa bwana harusi humletea shangazi wa bibi harusi kitenge, kwa sababu shangazi ndiye anayemfundisha binti mambo ya ndani. Mama hawezi, anaona haya. Baba ndiyo kabisa. Kwa hiyo kazi ni yangu, na kitenge ni shukrani. Lakini kitenge ni kimoja. Ukiletewa sita, ujue kuna kitu unaombwa ukifunike.

Binti mwenyewe ni Noella, mtoto wa kaka yangu Nkeshimana anayelima mpunga kule Luberizi. Alikuja kukaa kwangu hapa Mulongwe, mjini Uvira, alipoanza sekondari, akamaliza, akapata kazi ya kufundisha watoto wadogo. Mto ulipofurika na kuingia ndani, mimi na yeye tulibeba godoro kichwani, yeye mbele, mimi nyuma, maji ya matope yakiwa kiunoni, na bado alikuwa ananichekesha. Mtoto wa namna hiyo humpi mtu hivihivi.

Aliyekuja kumposa alikuwa Achille, sekretari wa Mheshimiwa Osée, mume wa huyu huyu Madame Victoire. Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyeileta ile posa, na ndiye angesimamia ndoa, parrain kama tunavyosema. Na kabla hata ya mahari alimpelekea kaka yangu mashine ya kukoboa mpunga, akaiita zawadi ya ujamaa. Tangu siku hiyo Nkeshimana alitembea Luberizi ametanguliza tumbo, na ukimwuliza habari za bintiye alikujibu habari za mashine.

Huyo Mheshimiwa Osée kila mtu Uvira anaijua sauti yake. Bango lake lilikuwa njia panda: yeye, Victoire na watoto watatu, wote meno nje, na chini yake maneno "Familia Kwanza". Wakati wa kampeni alipanda jukwaani akasema ziwa linapanda na mito inafurika kwa sababu ya wanaume wanaoishi na wanaume, na kwamba yeye ataisafisha Uvira. Watu wakapiga makofi. Nyumba zimebebwa na maji, viongozi hawajajenga hata ukuta wa mawe kando ya mto, na watu wanapiga makofi.

Jioni hiyo vijana walishuka Mulongwe wakaivunja saluni ya Chadrack, msusi aliyekuwa mbele ya nyumba yangu. Walimvunja na mkono. Nilimfunga ule mkono kwa kitambaa changu cha kichwa, akavuka mpaka kwenda Burundi, na hajarudi. Mambo ya Chadrack na Mungu wake, mimi sikuwa karani wao. Nilijua tu kwamba alimsuka Noella bure siku alipopata diploma.

Basi Victoire akaketi, akakataa chai, akaanza.

"Shangazi, minye nimekuya kama mukubwa kwa mukubwa mwenzake. Kuko jambo ya kumufundisha Noella mbele ya kuingia mu nyumba."

"Jambo gani, Madame?"

"Asikuwe muntu wa maulizo mingi. Achille iko na kazi ya Honorable. Siku zingine atakuwa analala kwetu. Siku mingi. Noella asiulize."

"Njo kazi gani ile yenye inalalaka?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mlango uliopaswa kuwa wazi na umefungwa. "Weye ni mukubwa. Usinilazimishe niseme."

"Sema. Shangazi hafundishake kitu chenye hajue."

Alizungusha pete yake kidoleni. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, "Bwana yangu hanigusake. Achille njo muntu wake. Watu wameanza kuuliza juu ya nini kijana wa umri ile hana bibi. Akioa, watanyamaza. Noella atakuwa na nyumba, atakuwa na kila kitu. Na minye nitakuwa na mwenye kunisaidia kubeba."

Nikachukua ndagala moja, nikaikata kichwa.

"Na Chadrack?" nikauliza, maana lilinijia tu.

"Ule wa mbele ya Achille? Ule alikuwa na mudomo. Alisema akiachwa ataongea. Njo ile siku Honorable akaongea wa kwanza."

Wanasema nyani haoni kundule. Huyu aliliona lake vizuri sana, akalivalisha suti, akapanda jukwaani kuwatuma watoto wa watu wakavunje mkono uliokuwa ukimkumbatia. Mimi nilisimama katika umati ule siku ile. Nilikuwa nimeambatana na wamama wa kanisa, na kofia ya kampeni kichwani. Nikatamani kuosha kichwa.

"Weye, Madame," nikamwambia, "wakati walikuoza, ulijua?"

Alikwisha kusimama. Akajibu akiwa anarekebisha kitambaa chake, bila kunitazama. "Hakuna mwenye aliniambia. Shangazi yangu alijua. Alipokea vitenge yake, akaniambia mwanamuke wa heshima haulizake."

Akaenda. Vitenge vikabaki.

Nilikaa pale mpaka inzi wakaimaliza ile ndagala. Kilichonichefua zaidi, mbali na uchafu wenyewe, ni kwamba walikuja kwangu bila wasiwasi. Walijua shangazi ni kifuniko. Kwa mama, kwa padri, kwa binti mwenyewe wasingethubutu, lakini kwa shangazi unaweka vitenge na unasema yote, kwa kuwa tangu zamani sisi ndio tunaowafundisha mabinti kumeza.

Nilimwita Achille. Bwana harusi akiitwa na shangazi hawezi kukataa, kwa hiyo alikuja, shati limepigwa pasi, kijana mzuri wa sura na mwembamba kuliko alivyokuwa mwaka uliopita. Sikumzungusha.

"Unamutaka Noella?"

"Nitamutunza, shangazi. Hatakosa kitu."

"Sikukuuliza ile."

Akaanza kulia bila sauti, machozi tu, akiyafuta kwa mkono wa shati. "Nikikataa, shangazi, minye njo Chadrack ya pili. Honorable iko na walinzi. Iko na redio. Minye niko na mama mugonjwa kule Katogota. Nitakimbilia wapi?"

Nilimpa maji akanywa. Sikumchukia yule kijana, na sitaki mtu aseme nilimchukia. Alikuwa ameshikwa shingoni kama mbuzi wa sokoni, na sasa walitaka kumfunga na binti yangu kwa kamba moja.

Jioni nilimweleza Noella, yote, kwa maneno ya wazi. Hakulia. Alikuwa anasahihisha daftari za watoto wake, akaendelea kusahihisha mbili tatu, kisha akaweka kalamu.

"Achille yeye anataka?"

"Anaogopa."

"Na baba? Mashini imekwisha kufika. Watu wa Luberizi yote wanaleta mupunga wao pale."

"Kwa mashini ile walikununua weye, mama. Baba yako hajue, lakini njo vile."

"Siku ya mahari watauliza," akasema.

"Watauliza."

Kwetu pombe ya mahari hainywewi hivihivi. Mtungi wa pombe ya mtama unawekwa katikati, mirija imekwisha chomekwa, wazee wamekausha koo, halafu baba anamwita binti na kumwuliza mbele ya watu kama wainywe. Binti husema ndiyo kwa aibu, vigelegele vinapigwa. Ni mchezo tu siku hizi. Pale Luberizi hakuna aliyekumbuka binti aliyewahi kusema lingine. Lakini mpaka aseme, hakuna mdomo unaogusa mrija, hata wa Mheshimiwa.

"Weye utakuwa wapi?" akaniuliza.

"Nyuma yako. Desturi njo inaniweka pale."

"Basi ukuwe pale," akasema, akachukua kalamu yake.

Siku ilipofika, ua wa kaka yangu ulijaa. Ng'ombe wamefungwa kwenye mwembe, mashine imefunikwa turubai jipya watu waione vizuri, magari mawili ya Mheshimiwa barabarani na vijana wake wa fulana za kampeni wameegemea. Alisimama yeye kwanza, akazungumza juu ya ndoa takatifu. Alisema taifa linaanzia kitandani. Alisema hivyo hivyo, nilimsikia kwa masikio yangu, na kiganja chake kikiwa shingoni kwa Achille, kidole gumba kikimpapasa nyuma ya sikio taratibu, kama baba anayempenda mwana. Wazee wakatikisa vichwa: mtu wa Mungu huyu. Ule mkono haukunichukiza. Ulionichukiza ni mdomo, uliokuwa ukiutukana ule mkono na kuutumia kwa wakati mmoja, na baadaye ukafutwa kwa leso nyeupe.

Nkeshimana akaita. Nikatoka na Noella, mimi nyuma yake, furushi la vitenge kwapani.

"Mutoto yangu," kaka akasema, uso unang'aa, "wageni wameleta pombe. Tukunywe?"

"Musikunywe, baba."

Watu wakacheka. Kaka naye akacheka. "Anaona haya. Noella, mama, tukunywe?"

"Musikunywe. Murudishe pombe na ng'ombe. Na mashini."

Kicheko kikakatika kuanzia mbele mpaka kwenye ua wa nyuma. Kaka yangu akanitazama mimi. "Laurette, mutoto iko anasema nini?"

"Amesema, kaka. Weye njo ulimuuliza."

Nikapita katikati ya viti, nikaviweka vile vitenge kwenye mapaja ya Madame Victoire. Hakuviangusha wala hakuvishika. Pembeni yake Achille alikuwa amefumba macho, kifua kinashuka polepole kama cha mtu aliyetua mzigo.

Ndipo Mheshimiwa akasimama tena. Hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Alikunja mikono akatuombea, kisha akasema kwa huzuni kubwa, "Minye nilisikia mambo ya huyu mutoto kule Mulongwe, nikakataa kuamini. Alikuwa rafiki mukubwa wa ule Chadrack. Ile pepo inaambukiza. Leo mumeona wenyewe mutoto mwanamuke mwenye hapendi mwanaume." Na wale wamama waliokuwa tayari kwa vigelegele wakavuta watoto wao karibu.

Mnaniuliza kwa nini sikusema. Nilikuwa nayo yote hapa ulimini. Lakini niliwatazama wale vijana wa fulana, wakubwa, wasio na kazi, wanaosubiri kuonyeshwa tu. Ningefungua mdomo wasingemgusa Mheshimiwa. Yeye angekwisha ingia kwenye gari. Wangemvunja Achille pale pale, mbele ya ng'ombe, na jioni redio ingesema Honorable amejitakasa. Hivyo ndivyo uongo wake ulivyojengwa: ukiubomoa, unamwangukia mwingine. Nikameza. Yalikuwa machungu, na mpaka leo nikiisikia sauti yake redioni ninatema mate nje ya mlango.

Mashine ikapakiwa siku ile ile, na turubai lake. Kaka yangu haongei nami. Noella aliambiwa na wazazi wa wanafunzi kwamba wangependa mwalimu mwingine. Sasa tunasafisha ndagala pamoja, na kunichekesha bado ananichekesha, ila si kila siku. Mheshimiwa alishinda uchaguzi. Bango bado liko njia panda, limepauka, meno yao bado yako nje.

Asubuhi moja nikiwa sokoni simu ikalia, namba nisiyoijua.

"Shangazi Laurette? Usitaje jina yangu." Nilimtambua mara moja. Nyuma yake niliisikia redio, na mumewe humo ndani anahubiri. "Wamepata mwingine. Wa Achille. Mutoto ya Katogota, anaitwa Vanessa, ata miaka makumi mbili hana."

Nilikuwa bado na hasira naye.

"Shangazi yake anaitwa Sabine," akaendelea haraka. "Anauzishaka nyanya pa barabara, pale pikipiki zinasimamaka."

"Na vitenge?" nikamwuliza.

"Viko hapa kwangu, vile vile vyako." Akashusha sauti. "Wananituma nimupelekee kesho. Weye enda leo."