Nailoni za Sulaiti

Miaka ile ya utawala wa jeshi wako waliokamatwa kwa kuficha sukari, na wengine kwa kuficha pesa za kigeni. Sulaiti alikamatwa Busia kwa mifuko mitupu ya mkate. Askari aliikuta kwenye kamba, imeoshwa na kuanikwa, yote ina maandishi ya viwanda vya Kenya, akauliza mkate wenyewe wa magendo uko wapi. Sulaiti akasema ulishaliwa na watu asiowajua. Lilikuwa jibu la kweli, na ndilo lililompandisha kwenye lori kuelekea kambi moja upande wa Tororo.

Kazi yao yeye na mkewe Hasifa ilikuwa kuokota nailoni kwenye majalala ya pande zote mbili za mpaka, kuziosha, kuzianika na kuzichambua. Zile laini zinazovutika walimuuzia Felistus wa ng'ambo, aliyepakia chumvi humo na kuziba mfuko kwa moto wa mshumaa. Zile kavu, za biskuti, hazizibiki. Zikiguswa na moto zinajikunja na kuachia, kwa hiyo zilikwenda kwa wauza njugu ambao hufunga kwa kusokota tu. Zikishaoshwa, kwa macho zote ni sawa. Unachambua kwa kuzisugua karibu na sikio: kavu inalia, laini inanyamaza.

Hapo ndipo Sulaiti alipokuwa hana faida. Ujana wake wote alikuwa utingo wa lori, na injini zilikuwa zimelimaliza sikio lake la kushoto, la kulia likabaki la kukisia. Hakuna mzigo aliouchambua bila kuacha kavu moja katikati ya laini, na Felistus hakuchoka kurudi na chumvi iliyomwagika na maneno ya kuudhi. Hasifa alimgombeza mumewe kwa hilo tangu walipofunga ndoa. Alimgombeza hata asubuhi ile ya lori, na baadaye jambo hilo lilimuuma sana.

Kila Ijumaa alipeleka chakula kambini. Ugali na samaki ndani ya laini, njugu ndani ya kavu. Kumwona mfungwa hakuruhusiwa. Mlinzi wa lango, Oriokot, mtu mzima mwenye buti zilizopasuka, alipokea chakula na kumrudishia mifuko ya wiki iliyopita. Ilirudi imeoshwa, laini zimekunjwa pembe tatu kama sambusa, kavu zimeviringwa, kila kundi kivyake, kama walivyofanya nyumbani. Na katikati ya zile pembe tatu, wiki zote, kulikuwa na kavu moja. Hasifa aliitafuta njiani kabla hajafika kituo cha basi. Akiipata anasonya, "Kiziwi huyu," na moyo wake unatulia mpaka Ijumaa nyingine. Majirani walimwambia kwamba wafungwa wa kambi ile hawadumu. Aliwajibu kwamba wake yupo, na kazi bado haijui.

Ijumaa moja, mvua kubwa zilipokwisha, alisugua pembe tatu zote na hakuna iliyolia. Akarudia. Kwanza alifurahi, akajiambia kwamba hatimaye mume amejifunza. Alitembea na furaha hiyo mpaka kwenye kona, hapo ikamwisha. Mtu aliyeshindwa kujifunza ndoa nzima hawezi kujifunza kifungoni kwa sikio lile lile. Akageuza njia.

Alimkuta Oriokot amekaa juu ya debe, ameshafungua samaki. Hasifa hakupiga kelele. Alikunjua mifuko yote, akaichanganya, akamwekea mapajani.

"Chagua, afande."

"Mama, wewe nakwenda nyumbani," Oriokot alisema kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Nitakwenda. Chagua kwanza."

Oriokot alitazama nyuma. Hapakuwa na mtu. Akafuta vidole kwenye suruali, akachukua mfuko wa kwanza na kuusugua karibu na sikio, halafu wa pili. Zilizolia aliziviringa, zilizonyamaza alizikunja pembe tatu na kuchomeka mkia ndani. Hakukosea hata mmoja. Alipomaliza alibaki akiitazama mikono yake.

"Sulaiti yuko wapi?"

"Lori ilikuja, ile wiki ya mvua. Walipakia yeye na wengine." Akameza alichokuwa nacho mdomoni. "Ile lori nakwenda na watu, narudi tupu."

Hasifa alimtazama samaki aliyefunguliwa. Kisha akauliza, "Chakula cha wiki iliyopita alikula nani?"

"Mimi. Sisi pia nalala njaa, mama."

"Na kukunja ulifundishwa na nani?"

"Yeye mwenyewe. Alisema, siku mimi nakwenda, wewe kunja hivi. Bibi yangu ataleta chakula, wewe utakula, na yeye hatalia." Oriokot aliinamisha kichwa. "Alisema nachunga sana, hapana kosea hata moja. Alisema bibi yake ni mkali kwa kazi."

Hasifa alikaa palepale kwenye tope la lango. Alilia kwa sauti, mahali ambapo hata kusimama kulikuwa kumekatazwa, na Oriokot hakumfukuza. Samaki alipoa kwenye nailoni.

"Sikuwa mkali," Hasifa alisema baadaye, akijifuta uso kwa leso. "Chumvi ilikuwa inamwagika."